Barua ya wazi kwa wakuu wa Nairobi: mnataka tuzeekee wapi?

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi, na Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii.

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Pumwani, nimeshona Majengo miaka 41, na macho yalipogoma kutunga uzi nikamwachia kijana wangu meza. Sasa nina miaka 66. Natanguliza haya kwa sababu kila nikianza habari ya uzee mbele ya mtu wa ofisi, huniuliza kwanza, "Mzee, nyumbani ni wapi?" Namwambia Majengo. "Hapana, nyumbani kabisa." Kabisa ni Majengo. Babu yangu amelala makaburi ya Kariokor, na baba yuko pale pale, hatua chache kutoka kwake. Sina shamba, sina mgomba, sina ng'ombe wa kurudia. Wala siko peke yangu. Waulizeni Wanubi wa Kibera. Waulizeni wajane wa Eastlands ambao shamba la mume liligawanywa na mashemeji kabla matanga hayajaanuliwa.

Mwaka jana dada yangu mkubwa, mwenye miaka 74, alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Tangu hapo nimekuwa nikilizunguka jiji hili kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, ila swali langu ni moja: ni wapi hapa mtu anaweza kuishi akiwa anajiweza nusu, na akizidi kudhoofika asihamishwe tena na tena kama furushi?

Binti yake yuko Minnesota. Kazi yake huko, msicheke, ni kutunza wazee wa watu. Ndiye aliyenieleza kwa simu jinsi wenzetu walivyopanga. Huko Marekani kuna vijiji vya wazee ambavyo mtu huingia akiwa mzima, na nyumba yake ndogo na ufunguo mfukoni. Akianza kushindwa na vifungo vya shati, anakuja msaidizi asubuhi. Akianza kupotea njia ya kurudi chumbani, kuna upande wa waliopungukiwa na kumbukumbu. Akiwa wa kitandani, muuguzi yupo usiku na mchana. Yote ndani ya ua mmoja, kwa hiyo mume akilala upande wa wauguzi mke humfikia kwa miguu yake. Kiingilio ni kikubwa, mara nyingi mamia ya maelfu ya dola, halafu kuna ada ya kila mwezi. Mikataba nayo ni ya namna namna: mmoja ada yake haipandi sana hata ukihitaji muuguzi, mwingine unakupa siku kadhaa za uuguzi kisha unaanza kulipa zaidi, na wa tatu unalipia kila unachotumia. Mpwa wangu akanionya pia kwamba zipo kampuni za namna hiyo zilizofilisika, wazee wakabaki wanadai viingilio vyao, na mzee hana miaka ya kusubiri kesi.

Pesa hizo hatuna, na sisemi tuwaige. Kilichonishika ni ile ngazi ya matunzo isiyokatika katikati. Nimeitafuta Nairobi kwa miezi tisa. Vipandio viwili tunavyo, cha mwanzo na cha mwisho, vya katikati hakuna.

Sababu naijua kwa sababu nimekulia ndani yake. Mji huu ulianza 1899 kama kambi ya reli, na serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika awe hapa kwa kazi tu. Vyumba vingi vya Eastlands vilijengwa kwa kipimo cha kitanda cha kapera. Akichoka, arudi rizavu, yale maeneo ya mashambani waliyotengewa Waafrika. Wazee wetu wa Pangani walijijengea nyumba zao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji kikabomolewa, wenye nyumba wakaelekezwa Shauri Moyo. Mzee hakuwa kwenye ramani. Ndiyo maana hata leo karani kijana, aliyezaliwa miaka mingi baada ya Uhuru, ananiuliza nyumbani kabisa ni wapi. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine naijua mimi: ipige pasi utakavyo, itabana palepale.

Basi nikachukua futi yangu ya kushonea, ile ya inchi 60 yenye vyuma miishoni, nikaanza kulipima jiji.

Nilianzia kwa dada mwenyewe. Anakaa Umoja, ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Ngazi ni 64. Nyingi zina kimo cha inchi saba. Ya mwisho, pale getini, ina tisa na nusu, kwa kuwa aliyemwaga saruji alianza hesabu juu na makosa yote akayashusha chini. Mguu wa mtu huzoea kimo cha ngazi kwa hatua mbili tatu, kisha akili inaacha kufikiria. Kipandio kimoja kikibadilika, unyayo unakuta hewa. Pale getini rangi ya ukuta imechubuka kwa upana wa kiganja, ndipo kila mtu anapojishikiza. Siku ya kliniki vijana wawili humteremsha dada juu ya kiti cha plastiki cha bluu, amefungwa leso kiunoni asiteleze. Mmoja hutangulia kinyumenyume. Kushuka ni shilingi 200 kila kijana, kupanda 300, na hiyo ni haki yao, mimi nimejaribu kumbeba nikaishia ghorofa ya kwanza. Yeye hufumba macho tangu mlangoni akisoma Ayatul Kursi hadi asikie kelele za boda boda za chini. Kuna kliniki aliikosa kwa sababu kijana mmoja alipata kazi ya mjengo siku hiyo. Tangu Ramadhani amekanyaga ardhi mara tano.

Mlango wa bafu lake una inchi 24. Kiti cha magurudumu tulichosaidiwa na watu wa msikiti kina 26.

Mtasema ahamie chini. Vyumba vya chini vya ploti zetu ni vya maduka, M-Pesa, salon na mabucha, maana ndivyo vinavyolipa. Mwenye ploti simlaumu. Nawauliza ninyi, kwa sababu sasa mmekuwa wajenzi. Tangu sheria ya nyumba nafuu ya 2024, kila mshahara unakatwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Majumba yanapanda Eastlands na kwingineko. Ya Park Road kule Ngara pekee ni nyumba 1,370. Ndani yake nyumba za chini zigawiwe kwa nani? Lifti ni nzuri, lakini lifti ni umeme, na sisi tunaijua stima ya Nairobi. Naomba iandikwe kabisa, isiachiwe huruma ya meneja wa mradi: nyumba za chini ziwe za watu wa miaka 60 na kuendelea na za wenye ulemavu, milango ipite kiti cha magurudumu, bafu lisiwe na kizingiti, na ukutani kuwe na vyuma vya kushikilia. Vyuma viwili na skrubu nane. Mimi niliviweka kwa dada kwa gharama iliyo chini ya suruali mbili za kushonesha.

Kisha nikaenda kwenye makao. Hapa lazima nikiri jambo. Zamani mtu akimpeleka mamake nyumba ya wazee, nilikuwa wa kwanza kusema amemtupa. Pumwani tulikuwa tunasema hivyo kwa sauti, mtu asikie. Sikuwa nimewahi kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku. Mkwe wa dada, mke wa mwanawe wa mwisho, ndiye anayefanya hayo yote. Alikuwa na kibanda cha mboga, akakifunga. Hakuna kikao kilichokaa kumuuliza, ilitokea tu, kama inavyotokea kwa wanawake.

Jiji halikosi makao kabisa. Masista wa Little Sisters of the Poor wana Nyumba ya Wazee kule Kasarani, na Kaunti yenyewe ina Mji wa Huruma. Hizo zimewapokea watu waliokuwa hawana wa kuwapokea, na sina neno baya juu yake. Lakini dada yangu ana watoto, ana kijipensheni cha marehemu mumewe. Ukimhesabu na mafukara anawapokonya nafasi. Ukimpeleka kwenye makao ya kibinafsi, kijipensheni kinaisha tarehe tano.

Ya kibinafsi nilizuru sita, yaliyotawanyika pembezoni mwa jiji. Mengi yalikuwa nyumba za kawaida zilizogeuzwa, na mawili niliyapenda kwa moyo. Moja silitaji jina, kwani sikwenda kumkomoa mtu. Majani yalikuwa yamekatwa vizuri na langoni kulikuwa na maua ya zambarau. Nikamuuliza mama aliyetupokea: usiku nani yuko zamu? Mmoja. Wazee ni wangapi? Kumi na wanane. Amesomea uuguzi? "Anaijua kazi." Sebuleni walikuwa wameketi wakitazama televisheni ambayo sauti yake ilikuwa imefungwa. Mzee mmoja alikuwa amefungwa shati kombo, kifungo cha pili kwenye tundu la tatu, kola imepanda hadi sikioni. Ilikuwa saa tano asubuhi, na tangu alfajiri hakuna jicho lililoona. Nikamfungua vyote, nikamfunga upya kimoja kimoja. Akanishika mkono, akaniita kwa jina la mtu mwingine.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Amana ya miezi miwili, hairudishwi. Na mstari wa chini kabisa: hali ya mzee ikibadilika na kuhitaji uangalizi zaidi, familia itaarifiwa ije imchukue. Niliusoma mara tatu. Ni sawa na kuuza mwavuli kwa sharti kwamba mvua ikinyesha urudishwe dukani.

Kule Uingereza kuna tume inayokagua makao haya na kuyapa daraja nne, kuanzia bora sana hadi yasiyofaa, na mwenye makao analazimika kulibandika daraja lake mahali watu walione. Mimi nataka hilo la kubandika tu, mengine tutayapigania baadaye. Karatasi mlangoni: wazee wangapi, walezi wangapi mchana, wangapi usiku, mkaguzi alikuja lini, amana inarudi au hairudi, na mzee akizidiwa atapelekwa wapi. Mama mboga wa soko letu huonyesha risiti yake ya Kaunti kila asubuhi kwa kikapu cha sukumawiki. Anayeweka watu kumi na wanane vitandani aonyeshe yake.

Barabara nayo. Nimempeleka dada nje mara mbili kwa ajili ya hii barua tu, na alikubali kwa sababu alichoka kuona kuta. Kidato cha matatu tuliyopanda kilikuwa inchi 16 kutoka ardhini. Makanga akasema, "Fanya haraka, mathe," halafu akamwona mguu, akashuka mwenyewe akambeba kwapani kama mtoto wake. Nairobi ndivyo ilivyo, ukali wa mdomo na wema wa mikono kwa mtu mmoja. Kwenye Outering Road tulipanda daraja la miguu. Mteremko wa magurudumu upo, ila pikipiki mbili zilitupita humo humo juu, moja imebeba mitungi ya gesi. Kupanda, kuvuka na kushuka: dakika 19. Ndipo nikaelewa kwa nini wazee wengi hukimbilia kukatiza barabara chini, na sisi tunasema hawasikii.

Katikati ya mji nilimpima mwendo wake kwa saa ya simu. Mita 20 kwa sekunde 52. Wanaopanga taa za kuvukia huchukulia mtu mzima anakwenda kama mita 1.2 kwa sekunde. Mita hizo 20 angezimaliza kwa sekunde 17. Yaani taa ikifunga, dada yangu amebakiza theluthi mbili ya barabara na magari yanapiga honi. Singapore wazee wana kadi ya kugusisha kwenye nguzo, taa inawaongezea sekunde, na wameifanya tangu 2009. Sisi hata kisiwa cha kupumzikia katikati ya barabara, chenye reli ya kushika na nafasi ya kiti cha magurudumu, kingetutosha. Na benchi. Jiji hili linaogopa mabenchi kana kwamba atakayeketi ni mwizi.

Haya si mapya kwenu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji inayowafaa wazee, uliotokana na kuwauliza wazee wa miji 33, na Nairobi ilikuwa miongoni mwake. Wazee wa hapa walizungumza, wakaandikwa: njia za miguu, usafiri, nyumba, vyoo vya umma, heshima, huduma za nyumbani. Wengi waliojibu wameshatangulia mbele za haki. Mwongozo uko, na hauna hata malipo.

Mengine nayapita haraka. Hali ya hewa ya Nairobi sina kesi nayo, ukiondoa baridi ya Julai inayoingia magotini. Maji ni ya mgao, na mzee wa ghorofa ya nne habebi mtungi wa lita 20. Hospitali tunazo, kutoka Kenyatta hadi Mama Lucy. Shida ni zile ngazi 64 kabla ya kufika.

Pesa. Katiba katika Kifungu cha 57 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa pamoja na Serikali, na Kifungu cha 260 kinasema mzee ni aliyetimiza miaka 60. Inua Jamii, ule mpango wa Serikali wa kuwapa wazee pesa, inaanzia miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo Katiba inaniita mzee, na Inua Jamii inaniambia nirudi baada ya miaka minne. Dada anazipata hizo elfu mbili, tunazishukuru, zinaishia kwenye nepi za watu wazima kabla mwezi haujafika katikati. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wa miaka 60 na zaidi milioni 2.7 nchini. Sidai wote walipwe kesho. Nadai aliyelazwa na kiharusi akiwa na miaka 63 asiambiwe asubiri.

Na vile vipandio vya katikati ninavyolilia vina bei ndogo kuliko mnavyodhani, kwa sababu kuta zake zipo. Memorial Hall ya Pumwani ipo. Kaloleni kuna ukumbi, Makadara kuna ukumbi, Jericho, Shauri Moyo. Asubuhi za katikati ya wiki nimezikuta nyingi zimefungwa kufuli, au kuna kikao cha watu saba kwenye viti mia mbili. Zifungueni kuanzia saa tatu hadi saa tisa kwa wazee. Muuguzi mmoja, mtu wa mazoezi ya viungo mara moja kwa wiki, uji, chakula cha mchana, ajuza wacheze bao kama wanataka, nani atawakataza. Mkwe wetu angerudi kwenye mboga zake kwa saa hizo sita. Na wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 na mikoba yao ya kupimia presha na sukari, wetu wa Umoja anapita kila mara kuuliza habari za watoto na wajawazito. Apewe na orodha ya wazee wasioshuka ngazi. Anajua milango yote, na hakuna aliyemwambia agonge ule wa dada.

Wapo watakaowaletea michoro ya vijiji vya wazee huko Kitengela au Tigoni, vyenye bwawa la kuogelea. Wapeni vibali wakistahili, wenye nacho nao huzeeka. Lakini kabla ya muhuri, wasomeeni ule mstari wa chini wa mkataba.

Mimi niko tayari kuwaonyesha niliyoyaona, kwa wakati wenu. Jumanne dada ana kliniki. Vijana wanafika saa moja na nusu asubuhi na kiti kinatoka saa mbili kamili, kabla jua halijawa kali. Ngazi ni nyembamba, kwa hiyo mje wawili au watatu tu, na mmoja wenu ashike upande wa chini, ndio mzito.

Wenu,
Fundi mstaafu, Majengo, Pumwani